Je, Ubora wa Ukungu wa Picha Una Maana? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Boke

Maswali haya yamejirudia katika miaka ambayo nimefanya kazi ya kupiga picha mjini Kisumu. Mengi yanatoka kwa vijana wanaokuja studio kujifunza kazi, mengine kwa wachumba wanaokuja kupanga picha za harusi yao, na machache kwa wapiga picha wenzangu wa Nakuru na Kakamega, ambao tumebishana nao kuhusu jambo hili kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Boke ni nini, na neno hili limetoka wapi?

Ni neno la Kijapani lenye maana ya kufifia au kuwa na ukungu. Wapiga picha wa Kijapani walilitumia kwa miaka mingi kuzungumzia sehemu za picha zilizo nje ya fokasi, na mwaka wa 1997 Mike Johnston, aliyekuwa mhariri wa jarida la Photo Techniques nchini Marekani, akachapisha makala juu yake na kuliongezea herufi h mwishoni ili wasomaji wa Kiingereza wasilitamke kwa kukata irabu ya mwisho. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna tatizo hilo, kwa hiyo ninaliandika boke, kama linavyosikika.

Tahadhari moja ni muhimu tangu mwanzo. Wengi husema picha ina boke "nyingi" wakimaanisha kwamba nyuma kumefifia sana. Maana ya awali si wingi bali ni sura, yaani ukungu huo ukishakuwepo unaonekanaje: umetulia au una fujo, una kingo kali au umeyeyuka. Wingi wa ukungu na ubora wa ukungu ni mambo mawili, na sehemu kubwa ya ubishi hutokana na kuyachanganya.

Ukungu ni ukungu tu. Je, kweli una ubora, au ni maneno ya watu wenye lenzi ghali?

Una ubora, na ubora huo una maana, lakini si katika kila picha. Katika picha ya sura ya mtu mmoja, uso huchukua labda theluthi ya eneo lote. Kinachobaki ni ukungu. Ni vigumu kudai kwamba theluthi mbili za picha hazina umuhimu kwa sababu tu haziko kwenye fokasi. Hata hivyo, ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta uliopakwa rangi moja, lenzi ya bei nafuu na lenzi ya bei ya pikipiki zitakupa ukungu ambao hakuna atakayeweza kuutofautisha. Tofauti hujitokeza pale ambapo nyuma kuna vitu vyembamba, vitu vingi, au vitu vinavyong'aa.

Siku moja niliwapiga picha wachumba wawili ndani ya Msitu wa Kakamega, saa nne asubuhi, jua likipenya katikati ya majani. Nilitumia lenzi ya hamsini ya zamani, yaani ya milimita 50, ambayo tundu lake la kupitishia mwanga hufungwa na vibapa vitano vya chuma vilivyonyooka, na kwa kuogopa kwamba sura ya mmoja wao ingekosa ukali, nikafunga tundu la lenzi hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kila upenyo wa anga katikati ya majani uligeuka kuwa umbo lenye pembe tano na ukingo mkali, na maumbo hayo yakarundikana juu ya kichwa cha bwana harusi mtarajiwa kama sarafu zilizomwagwa. Fokasi ilikuwa sawa, rangi ya ngozi ilikuwa sawa, tabasamu lilikuwa sawa. Mama wa binti alizitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi chembechembe zinatoka wapi?" Hakulijua neno boke wala hakuhitaji kulijua. Jicho lake lilikuwa limetoka kwenye uso wa binti yake na kwenda juu, na hilo ndilo kosa la picha ile.

Kwa hiyo, anayesema kwamba mtazamaji wa kawaida hajali boke anasema kweli nusu. Mtazamaji hajali jina lake, lakini anasumbuliwa nalo likiwa baya.

Nitautambuaje ukungu mbaya nikiuona?

Tazama kwanza vitu vyembamba vilivyo nyuma. Ukienda Dunga, kule ufukweni, ukampiga mtu picha huku nyuma yake kukiwa na mafunjo, kila bua la funjo ni mstari. Lenzi yenye ukungu mtulivu huugeuza mstari huo kuwa wingu jembamba la kijani linalochanganyika na jirani yake. Lenzi yenye ukungu wa fujo huufanya mstari mmoja kuwa miwili, kwa sababu kingo zake zimekolea kuliko katikati, na mafunjo mia moja yanakuwa kama mafunjo mia mbili. Unapotazama picha kama hiyo unahisi kwamba nyuma kunatetemeka, ingawa hakuna kilichosogea.

Kisha tazama nukta za mwanga: taa za barabarani, mng'ao wa jua kwenye maji ya ziwa, matone ya mvua. Kila nukta iliyo nje ya fokasi huwa kisahani cha mwanga. Kisahani kinachopendeza ni kile chenye mwanga ulioenea sawasawa, au, bora zaidi, kile kinachofifia taratibu kuelekea ukingoni. Kisahani kinachoudhi kina utepe mkali wa mwanga kwenye ukingo, kama povu la sabuni. Wengine hulipenda povu hilo. Lenzi ya kale ya Kijerumani iitwayo Trioplan ya milimita 100 inatafutwa kwa sababu hiyo hiyo. Ladha haina hakimu, ila ukingo ule mkali unapoangukia majani, si taa, ndio unaozaa ile mistari miwili niliyoieleza.

Mwisho, tazama rangi. Lenzi nyingi zenye tundu kubwa huacha ukingo wa kijani kwenye vitu vilivyo nyuma ya fokasi na ukingo wa zambarau kwenye vilivyo mbele yake. Kwenye majani huwezi kuuona. Kwenye shela nyeupe ya bibi harusi, au mkufu wa fedha, utauona mara moja.

Kwa nini lenzi mbili za milimita 50 na f/1.8 hutoa ukungu tofauti?

Kwa sababu namba hizo mbili hueleza wingi wa ukungu, si sura yake. Sura inatokana na mambo manne yaliyo ndani ya lenzi.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni jinsi mtengenezaji alivyosawazisha miale inayopita pembezoni mwa kioo na ile inayopita katikati. Katika kioo cha kawaida cha mviringo, miale ya pembezoni hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko miale ya katikati, na mtengenezaji hulazimika kurekebisha kasoro hiyo kwa kuongeza vioo vingine. Akirekebisha pungufu kidogo, visahani vya nyuma huwa na kingo laini, lakini visahani vya mbele ya fokasi huwa na kingo kali. Akipitiliza, mambo yanageuka: nyuma kunakuwa na povu la sabuni na mbele kunakuwa laini. Hakuna namna ya kupata ulaini kwa njia hii pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa picha nyingi zina ukungu nyuma kuliko mbele, watengenezaji wa lenzi za picha za sura huegemea upande wa kurekebisha pungufu.

La pili ni tundu lenyewe na vibapa vya chuma vinavyolifunga, ambavyo nitavieleza peke yake hapa chini. La tatu ni mwili wa lenzi. Ukitazama ndani ya lenzi kwa mshazari utaona kwamba tundu si duara tena, limekatwa na ukingo wa kioo cha mbele na cha nyuma, na limekuwa kama jicho la paka. Hivyo ndivyo visahani vilivyo kwenye kona za picha vinavyotokea: si mviringo, bali vimebanwa, urefu wake ukifuata duara linaloizunguka katikati ya picha, na vikiwa vingi vinaifanya nyuma ionekane kama inazunguka.

La nne ni vioo ambavyo sura yake si ya tufe kamili, vinavyotengenezwa mara nyingi kwa kubanwa ndani ya kalibu. Vioo hivyo huipa lenzi ukali na kupunguza uzito wake, lakini kalibu ikiwa na mikwaruzo midogo ya mashine iliyoichonga, mikwaruzo hiyo huhamia kwenye kioo, na kila kisahani cha mwanga kinaonyesha miduara ndani ya miduara, mithili ya kitunguu kilichokatwa. Ni kasoro ya lenzi za kisasa. Lenzi za babu zetu hazikuwa nayo.

Idadi ya vibapa vya tundu ina umuhimu gani?

Ina umuhimu mdogo kuliko wauzaji wanavyodai. Tundu likiwa wazi kabisa, vibapa vimejificha na kisahani ni cha mviringo hata lenzi ikiwa na vibapa vitano. Ni unapofunga tundu ndipo vibapa hujitokeza, na hapo kibapa kilichopinda ni bora kuliko wingi wa vibapa vilivyonyooka. Mfano mzuri ni lenzi mbili za Canon za hamsini zenye f/1.8: ile ya zamani, toleo la II, ina vibapa vitano vilivyonyooka, na iliyoirithi mwaka wa 2015, ya STM, ina saba vilivyopinda. Ya kwanza ndiyo iliyonitia aibu kule Kakamega.

Nina lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Je, naweza kupata ukungu mzuri?

Unaweza, na ili uone ni kwa kiasi gani, kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wangu aijue. Gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f. Unachopata ni upana wa tundu kwa milimita. Sasa, nukta ya mwanga iliyo mbali sana nyuma ya mtu itaenea katika picha hadi kuwa kisahani chenye upana sawa na tundu hilo, ukikipima kwa kipimo cha mtu mwenyewe. Lenzi yako ikiwa kwenye 55 na f/5.6 ina tundu la karibu milimita 10, kwa hiyo taa iliyo mbali itaonekana kama kifungo cha shati kilichobandikwa kando ya shavu lake. Hamsini ya f/1.8 ina tundu la milimita 28. Lenzi ya 85 yenye f/1.8 ina milimita 47, na ile kubwa ya 70-200, ikiwa kwenye 200 na f/2.8, ina milimita 71, na hapo taa hiyo hiyo inakaribia upana wa shavu lenyewe.

Nyuma ikiwa karibu, kisahani kinapungua. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwako na ukuta wa nyuma ukiwa mita 4, unapata nusu tu ya upana huo. Ukuta ukiwa mita 2 na nusu, unapata sehemu moja ya tano. Ukiwa mita 10, unapata sehemu nne kati ya tano. Yaani kumvuta mtu atoke kwenye ua alioegemea, hatua chache tu kuja kwako, nawe urudi nyuma vilevile ili umbali kati yenu usibadilike, kunafanya kazi ambayo vinginevyo ungelipia kwa lenzi mpya. Nimewaona vijana wakiweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya lenzi ya 85, kisha wakiipata wanamsimamisha mteja amegusa maua.

Kwa lenzi ya 18-55, basi, ivute hadi 55, msogelee mtu hadi mabega yake yajaze picha, mtoe mbali na kilicho nyuma yake, na uchague nyuma iliyo kivulini. Hilo la kivuli lina sababu. Ukipima mwanga kwa ajili ya ngozi nyeusi iliyo kivulini, chochote kilicho juani nyuma yake kitaungua na kuwa cheupe, na visahani vyeupe visivyo na rangi ndani yake ni vibaya katika lenzi yoyote duniani.

Ikiwa una pia ile lenzi nafuu ya 55-250, fahamu kwamba kwenye 250 na f/5.6 tundu lake ni karibu milimita 45, karibu sawa na 85 ya f/1.8. Itakubidi usimame mbali zaidi, kwa hiyo nyuma nayo iwe mbali sana, kama uwanja wa mpira au ziwa lenyewe. Ukiipata nafasi hiyo, hutaiona kasoro yake.

Je, ni lazima niwe na kamera yenye sensa kubwa?

Si lazima. Sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ikiwa kubwa husaidia kwa sababu tu inakuruhusu kutumia lenzi ndefu zaidi kwa mkato uleule wa picha, na lenzi ndefu zaidi ina tundu pana zaidi kwa namba ileile ya f. Sura ya ukungu inabaki kuwa ya lenzi.

Simu yangu ina hali ya picha za sura inayofifiza nyuma. Kuna tofauti gani?

Tofauti ni kwamba simu haifanyi ukungu huo kwa kioo bali kwa kukisia. Lenzi ya simu ni fupi mno, milimita chache tu, na hata ikiandikwa f/1.8 tundu lake halizidi milimita 4 au hivi, kwa hiyo kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu haina ukungu wa kutosha wa kutoa. Tangu Apple walipoleta hali hiyo kwenye iPhone 7 Plus mwaka wa 2016, simu nyingi zimekuwa zikikadiria umbali wa kila sehemu ya picha, ama kwa kulinganisha kamera mbili ama kwa programu iliyofunzwa, kisha zinafifiza kile zinachodhani kiko nyuma.

Zinakosea pale ambapo umbali hubadilika ghafla. Tazama nywele zilizosukwa zikaachwa zining'inie, tazama hereni kubwa, tazama ukingo wa miwani, na hasa tazama ile nafasi kati ya kiwiko na kiuno mtu anaposhika kiuno: mara nyingi utakuta kipande cha majani ndani ya nafasi hiyo kimebaki na ukali kamili, huku majani mengine yote yamefifia. Shela huzishinda kabisa, kwa kuwa unaiona yenyewe na unaona kilicho nyuma yake kwa wakati mmoja. Kwa picha ya kutuma kwa jamaa, hali hiyo inatosha, nami mwenyewe huitumia. Kwa picha itakayochapishwa na kutundikwa sebuleni, sitaitumia.

Lenzi kuukuu za Kirusi zinazozungusha nyuma zina thamani?

Unayoisikia zaidi ni Helios 44-2, ya milimita 58 na f/2, iliyotengenezwa Muungano wa Kisovieti kwa kufuata lenzi ya Biotar ya Carl Zeiss. Mzunguko wake unatokana na lile jicho la paka nililolieleza, na unaonekana vizuri nyuma ikiwa na majani mengi madogo, mita chache nyuma ya mtu. Tabia hiyo ina ukoo mrefu: lenzi ya picha za sura aliyoibuni Joseph Petzval huko Vienna mwaka wa 1840 ilikuwa na ukali katikati na nyuma iliyozunguka pembezoni, na wakati huo ilihesabiwa kuwa kasoro iliyovumiliwa kwa ajili ya kupata mwanga zaidi.

Helios haina fokasi ya kujiendesha na utahitaji adapta ya kuiunganisha na kamera yako. Kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani adapta ni bomba tu lisilo na kitu, ilhali kwenye Nikon za zamani zenye kioo hicho haitalenga vitu vya mbali mpaka adapta iwe na kilenzi chake, ambacho huharibu kile ulichokinunulia lenzi. Itumie kwa picha tatu au nne katika kazi nzima. Albamu nzima inayozunguka inachosha kama muziki wa baragumu moja.

Je, zipo lenzi zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya ubora wa ukungu?

Zipo. Nikon walitengeneza lenzi mbili za DC, ya 105 na ya 135, zote za f/2, zenye pete ya kuchagua kama ulaini uwe mbele au nyuma ya fokasi. Yaani mpiga picha mwenyewe aliuendesha ule usawazishaji wa miale tuliouzungumzia. Njia nyingine ni kuweka ndani ya lenzi kichujio kinachokuwa cheusi taratibu kuelekea pembezoni, ili kila kisahani kipoteze ukingo wake. Minolta, na baadaye Sony, walifanya hivyo katika lenzi zao za STF, na Fujifilm katika 56 ya f/1.2 ya APD mwaka wa 2014. Ukungu wake ni mzuri kuliko wowote ninaoujua. Gharama yake ni mwanga: STF ya Sony ya milimita 100 ni ya f/2.8 kwa umbo, lakini mwanga unaofika kwenye sensa ni kama wa f/5.6, na katika ukumbi wa harusi saa mbili usiku hilo ni tatizo kubwa. Kwa kazi zetu za huku, sioni sababu ya kuinunua.

Ukungu wa mbele nao una umuhimu?

Mara chache. Ukipiga picha kupitia majani au bega la mgeni mwingine, fungua tundu lote na usogee karibu kabisa na kizuizi hicho, kitayeyuka hata lenzi ikiwa mbaya.

Kwa flamingo na ndege wengine wa Ziwa Nakuru, nifanyeje?

Kiwango cha jicho lako ndicho kinachoamua. Ukisimama juu kupitia paa la gari, nyuma ya ndege ni maji na tope lililo karibu naye, lenye kila kiwimbi na kila unyoya uliodondoka. Ukikaa na kupiga kupitia dirisha, nyuma inakuwa ufuo wa mbali na ukungu unakuja wenyewe. Kanuni za hifadhi zinakutaka ubaki ndani ya gari isipokuwa mahali palipotengwa, kwa hiyo dirisha ndilo la chini zaidi utakalolipata.

Jihadhari na migunga iliyokauka. Tangu maji ya ziwa yalipopanda, miti mingi ya ufuoni ilifia ndani ya maji, na vigogo vyake vyeupe vimesimama pale kama nguzo. Ndivyo vitu vinavyozaa mistari miwili kuliko vingine vyote. Na ukiwa na lenzi ya kioo-rejeshi, ile fupi na nene ya milimita 500 na f/8, kila mng'ao wa jua kwenye maji utakuwa bangili, kwa sababu katikati ya lenzi hiyo kuna kioo kinachoziba mwanga. Mawingu yakitanda, bangili hizo hupotea na lenzi inakuwa na adabu.

Mteja wangu analalamika kwamba nyuma haionekani. Nimkatalie?

Usimkatalie, kwa sababu huenda yeye ndiye aliye sahihi. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipiga picha za mahafali katika chuo kimoja, na kwa majivuno ya lenzi mpya nikafungua tundu hadi f/1.8 kwa kila picha. Mzee mmoja alikuwa ametoka Busia alfajiri kumwona bintiye akivaa joho. Aliitazama picha, akaniambia, "Kijana, nimesafiri kuja kuliona lango hili, na wewe umelifuta." Ilinibidi nirudie, f/8, lango lote likisomeka.

Katika harusi ni vivyo hivyo. Familia iliyolipia hema, maua na viti vilivyovishwa vitambaa ina haki ya kuviona, na shangazi aliyesimama safu ya pili ana haki ya kuwa na uso. Lenzi ya 85 kwenye f/1.8, ukiwa mita 1 na nusu kutoka kwa mtu, hukupa ukali wa sentimita tatu na ushee tu kwa kina. Jicho likiwa kali, sikio limekwisha kufifia. Hicho si kina cha kumpigia picha bwana harusi na bibi harusi wakiwa mmoja amesogea mbele ya mwenzake. Ninapanga hivi: picha za ukoo kwenye f/8, picha za maharusi wawili kwenye f/4, na ukungu mzito ninauweka kwa picha chache za mtu mmoja, jioni, baada ya wageni kuketi kula. Kwetu hapa karibu na ikweta jua hushuka moja kwa moja na mwanga ule wa dhahabu haukawii kuondoka, kwa hiyo chagua mahali pako mapema.

Je, siwezi kufifiza nyuma baadaye kwenye kompyuta?

Waweza, lakini programu haijui jambo moja ambalo lenzi inalijua. Taa halisi ina mwanga mara mia kuliko ukuta ulio kando yake, na lenzi inapoitandaza, kisahani chake bado kinang'aa. Katika picha iliyokwisha kupigwa, taa na shati jeupe huwa na weupe uleule, kwa hiyo ukififiza kwa njia ya kawaida taa inakuwa doa la kijivu, na picha nzima inaonekana kama imetazamwa kupitia dirisha la matatu siku ya mvua. Programu nzuri hukuruhusu kuongeza mng'ao wa sehemu hizo, nawe ukianza na faili ghafi (RAW) utafika karibu zaidi. Kazi ya kukata nywele na shela kwa mkono bado ni yako.

Nitajaribuje lenzi ya mtumba kabla ya kuilipia?

Nenda jioni, na ubebe mshipi wa taa za Krismasi zinazotumia betri. Ukikosa taa, chukua karatasi ya foili ya kufungia chakula, ikunjekunje, ikunjue, uitundike juani. Kila kunjo litakuwa nukta ya mwanga. Lenga fokasi kwenye kitu kilicho mita moja kutoka kwako, labda kidole cha muuzaji mwenyewe, huku foili ikiwa mita tatu au nne nyuma yake. Piga tundu likiwa wazi, kisha f/2.8, kisha f/4. Fanya hivyo foili ikiwa katikati ya picha, na urudie ikiwa kwenye kona.

Ikuze picha kwenye kioo cha kamera na uangalie visahani kimoja kimoja. Katikati ya picha viwe vya mviringo, bila utepe mkali na bila miduara ya kitunguu. Kwenye kona vitabanwa kiasi, hilo ni la kawaida. Visiwe vimebanwa zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia, kwa sababu hapo lenzi imewahi kuanguka na vioo vyake havijakaa sawa. Ukiona ndani ya visahani vijiuzi vidogo kama nyuzi za buibui, hilo ni kuvu, ambalo hapa kando ya ziwa, kwa unyevu tulio nao, huingia lenzi kuliko watu wanavyodhani. Muuzaji atakwambia ni vumbi. Mrudishie lenzi yake, mshukuru, na ubebe foili yako.